Tom Rolt: Aliyeokoa reli kuukuu na kuandika historia ya ajali

KATIKA mji mdogo wa Tywyn, ulioko ufuoni mwa bahari magharibi mwa Wales, kuna reli nyembamba ambayo imekuwa ikibeba abiria kwa nguvu za mvuke tangu karne ya 19. Upana wake ni milimita 686 tu, ilhali reli kuukuu itokayo Mombasa kuelekea Uganda ina upana wa milimita 1,000.

Hiyo ndiyo reli ya Talyllyn, ya kwanza ulimwenguni kuokolewa na kuendeshwa na watu wa kujitolea. Aliyeongoza juhudi hizo ni Tom Rolt, mhandisi na mwandishi Mwingereza aliyeaga dunia mnamo 1974.

Wengi humkumbuka Rolt kwa mapenzi yake makuu kwa mitambo ya kale. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mtu huyohuyo ndiye aliyeandika mojawapo ya vitabu mashuhuri zaidi kuhusu ajali za magarimoshi nchini Uingereza.

Kwa mtazamo wa haraka, mambo hayo mawili yanaonekana kupingana. Mpenzi wa magarimoshi ya zamani angetarajiwa kusimulia uzuri wake, si kuhesabu maiti. Lakini ukiyafuatilia maisha ya Rolt kutoka mwanzo hadi mwisho, utatambua kwamba mapenzi na tahadhari vilikuwa pande mbili za sarafu moja.

Ujana na ufundi

Lionel Thomas Caswall Rolt alizaliwa Februari 11, 1910, katika mji wa Chester. Alilelewa karibu na mpaka wa Uingereza na Wales, kisha familia yake ikahamia Stanley Pontlarge, kijiji kidogo katika jimbo la Gloucestershire.

Babake alipoteza mali nyingi katika uwekezaji ulioenda mrama, na mambo ya nyumbani yakabadilika. Rolt aliacha shule akiwa na umri wa miaka 16 na kuanza kazi katika karakana ya mashine za kilimo.

Muda si mrefu, mjombake, Kyrle Willans, ambaye alikuwa mhandisi wa ngazi ya juu, alimsaidia kupata nafasi ya kujifunza ufundi katika kampuni ya Kerr Stuart mjini Stoke-on-Trent. Kampuni hiyo ilikuwa ikiunda vichwa vya magarimoshi.

Hapo kijana huyo alijifunza kwa mikono yake jinsi chuma kinavyoyeyushwa, kinavyofuliwa na kuunganishwa. Alijifunza pia kwamba chuma huchoka kama binadamu, na kwamba ufa mdogo usioonekana leo waweza kuwa janga kesho.

Kerr Stuart ilifilisika mnamo 1930, wakati uchumi wa dunia ulipoporomoka. Rolt alilazimika kuhangaika huku na huko kutafuta riziki. Kwa muda aliendesha gereji ya magari ya kale pamoja na wenzake, na akawa miongoni mwa watu wa mwanzo katika chama cha wapenzi wa magari hayo kilichoundwa mnamo 1934.

Maisha ya mferejini

Mnamo 1939, Rolt alimwoa Angela Orred na wakahamia katika mashua iliyoitwa Cressy. Ilikuwa mashua nyembamba ya mbao ya kupita kwenye mifereji ambayo ilichimbwa zamani kusafirishia bidhaa kabla ya reli kuenea Uingereza.

Safari zao zilizaa kitabu Narrow Boat, kilichochapishwa mwishoni mwa 1944, wakati vita vikuu vilikuwa bado vinaendelea. Wasomaji waliochoshwa na habari za mabomu walikipokea kwa furaha, na ghafla Rolt akawa mwandishi anayejulikana.

Miongoni mwa waliokisoma ni Robert Aickman. Mnamo 1946, wawili hao pamoja na wenzao waliunda chama cha kutetea mifereji iliyokuwa ikiachwa kuzibwa na matope na magugu.

Hata hivyo, fahali wawili hawakai zizi moja. Aickman alitaka mifereji yote ihifadhiwa bila kubagua. Rolt alitaka nguvu zielekezwe kwanza kwa ile iliyokuwa bado inatumika na waliokuwa wakiishi kwa kuitegemea. Mzozo huo ulikua hadi Rolt akafukuzwa chamani mnamo 1951.

Mwaka huohuo, ndoa yake na Angela pia ilivunjika. Baadaye alimwoa Sonia Smith, mwigizaji aliyekuwa amefanya kazi kwenye mashua za mizigo wakati wa vita.

Lakini kufikia wakati huo, Rolt alikuwa tayari amejitwika mzigo mwingine, na huu ulikuwa mzito kuliko ule wa mifereji.

Reli iliyoshikiliwa na nyasi

Reli ya Talyllyn ilijengwa katika miaka ya 1860 ili kubeba mawe ya kuezekea nyumba kutoka machimbo ya Bryn Eglwys milimani hadi Tywyn. Vichwa vyake viwili vya kwanza, Talyllyn na Dolgoch, viliundwa katika mji wa Whitehaven.

Hata kabla ya abiria wa kwanza kuruhusiwa kupanda, suala la usalama lilijitokeza. Mnamo 1866, serikali ilimtuma mkaguzi, Kapteni Henry Tyler, kuichunguza reli hiyo. Aligundua kwamba madaraja yaliyopita juu yake yalikuwa membamba mno.

Pengo kati ya behewa na ukuta wa daraja lilikuwa chini ya sentimita 60 kila upande, ilhali kanuni zilitaka takribani sentimita 76. Iwapo garimoshi lingekwama chini ya daraja, abiria wasingeweza kutoka.

Suluhisho lilikuwa rahisi na la busara. Milango ya upande mmoja wa mabehewa ilifungwa kabisa, na reli ikasogezwa kando chini ya madaraja ili kuacha nafasi ya kutosha upande wa pili. Mpangilio huo ungalipo hadi leo, na abiria wa Talyllyn hupanda na kushuka upande mmoja tu.

Mnamo 1911, machimbo na reli vilinunuliwa na Henry Haydn Jones, mbunge wa eneo hilo. Aliahidi kwamba garimoshi litaendelea kutembea maadamu yu hai. Machimbo yalifungwa baada ya kuporomoka mwishoni mwa 1946, lakini mzee huyo hakuvunja ahadi yake.

Serikali ilipotaifisha reli za Uingereza kwa sheria ya 1947, Talyllyn haikuwamo katika orodha. Ilibaki mikononi mwa Sir Haydn, ikizidi kuchakaa mwaka baada ya mwaka, hadi alipofariki Julai 1950.

Rolt alikuwa ameitembelea reli hiyo na kuipenda. Oktoba 11, 1950, aliitisha mkutano katika hoteli moja mjini Birmingham. Watu wapatao 70 walihudhuria, na humo likazaliwa wazo ambalo halikuwa limewahi kujaribiwa popote: watu wa kujitolea, wengi wao wasio wafanyakazi wa reli, waiendeshe reli ya abiria.

Wengi waliona huo ni wazimu. Baadhi walicheka. Lakini swali walilouliza wenye shaka halikuwa la mzaha: je, karani wa benki au mwalimu wa shule anaweza kukabidhiwa roho za abiria?

Misimu miwili ya majaribu

Chama hicho kilichukua usimamizi mapema mwaka wa 1951, na Rolt akawa meneja. Mei 14, 1951, garimoshi la kwanza chini ya uongozi mpya liliondoka Tywyn na kwenda hadi stesheni ya Rhydyronen. Baadaye msimu huo, safari zilifika Abergynolwyn, umbali wa zaidi ya kilomita 10.

Hali aliyoikuta ilitisha. Mataruma mengi yalikuwa yameoza. Mahali pengine, nyasi na udongo ndivyo vilivyozishikilia reli zisitawanyike, kiasi kwamba kung'oa magugu kulikuwa hatari kuliko kuyaacha.

Kichwa kimoja tu, Dolgoch, ndicho kilichoweza kutembea. Kilikuwa na umri wa miaka 85. Kingeharibika, reli nzima ingefungwa na matumaini ya chama yangezimika.

Ili kupata msaada, chama kilinunua vichwa viwili kutoka kwa reli jirani ya Corris iliyokuwa imefungwa. Bei ilikuwa pauni 25 kila kimoja. Cha kwanza kilipewa jina Sir Haydn, cha pili Edward Thomas.

Sir Haydn kilionekana kuwa na hali nzuri zaidi, hivyo kikawa cha kwanza kuwekwa relini. Lakini kiliacha reli na kutumbukia kati ya vyuma, mara moja, kisha tena na tena.

Uchunguzi ulifichua siri ambayo haikuandikwa popote. Mafundi wa zamani walikuwa wametandaza reli kwa upana uliozidi kipimo rasmi kwa karibu milimita 13, ili kichwa kirefu cha Talyllyn kipite kwenye kona bila shida. Vichwa vya zamani vilikuwa na magurudumu mapana, hivyo havikudhurika. Magurudumu ya Sir Haydn yalikuwa membamba.

Tukio hilo ni funzo kwa yeyote anayerithi mtambo wa zamani. Vipimo vilivyo kwenye karatasi vyaweza kusema hili, na chuma kilichotandazwa ardhini kikasema lile. Wazee wanaojua siri hiyo wakishaondoka, anayekuja baada yao huigundua kwa ajali. Bahati nzuri, safari hii mwendo ulikuwa wa pole.

Kichwa cha pili, Edward Thomas, kilikuwa kimeundwa mnamo 1921 na Kerr Stuart, kampuni ileile iliyomfunza Rolt ufundi. Kilikarabatiwa bila malipo na kampuni ya Hunslet mjini Leeds na kuanza kazi mnamo 1952.

Rolt hakuwa meneja wa kukaa ofisini. Kwa misimu miwili, alishughulika na wateja, mafundi, watu wa kujitolea waliokuja na shauku nyingi kuliko ujuzi, na reli iliyohitaji kutazamwa kila siku kama mgonjwa aliyelazwa. Mhandisi David Curwen alimsaidia kuweka mitambo katika hali ya kutumika.

Miongoni mwa waliojitolea ni kasisi Wilbert Awdry, mtunzi wa hadithi za watoto za Thomas the Tank Engine, ambazo watoto wengi wa Kenya wamezitazama kwenye runinga. Vitabu vyake kadhaa vinatokana na reli hiyo ya Talyllyn.

Baada ya msimu wa 1952, Rolt aliacha kazi ya umeneja na kurudi kwenye kalamu yake. Alisimulia misimu hiyo katika kitabu Railway Adventure, kilichotoka mnamo 1953.

Kitabu cha ajali

Oktoba 8, 1952, magarimoshi matatu yaligongana katika stesheni ya Harrow and Wealdstone, kaskazini-magharibi mwa London. Watu 112 walikufa. Ilikuwa ajali mbaya zaidi ya reli wakati wa amani katika historia ya Uingereza.

Miaka mitatu baadaye, Rolt alichapisha Red for Danger, jina linalotokana na rangi nyekundu ya ishara ya hatari. Kitabu hicho kinachambua ajali kubwa za reli za Uingereza tangu mwanzo, na jinsi kila moja ilivyobadilisha kanuni za usalama.

Malighafi yake yalikuwa ripoti za wakaguzi wa serikali. Tangu 1840, maafisa kutoka kikosi cha wahandisi wa jeshi walipewa kazi ya kukagua reli na kuchunguza ajali, na ripoti zao zilichapishwa ili umma uzisome. Kapteni Tyler, yule aliyepima madaraja ya Talyllyn, alikuwa mmoja wao.

Miongoni mwa ajali hizo, Armagh ilikuwa na uzito wa pekee. Juni 12, 1889, garimoshi lililojaa watoto na wazazi wa shule ya Jumapili liliondoka mji huo wa Ireland kwenda matembezini baharini. Lilikuwa na mabehewa 15, na lilishindwa kupanda kilima.

Wahudumu waliamua kuligawa. Mabehewa matano ya mbele yangevutwa kwanza, na kumi yaliyobaki yangengojea, yakizuiwa na breki ya mkono na mawe yaliyowekwa chini ya magurudumu. Breki ya garimoshi hilo ilikuwa ya aina ambayo hukosa nguvu mara tu mabehewa yanapotenganishwa.

Sehemu ya mbele ilirudi nyuma kidogo ikayagusa yale kumi. Mawe yakasagika. Mabehewa yakaanza kuteremka, yakaongeza kasi, na kugonga garimoshi jingine lililokuwa likija nyuma. Milango ilikuwa imefungwa kwa ufunguo. Watu wapatao 80 waliangamia, wengi wao watoto.

Mwaka huohuo bunge lilipitisha sheria iliyolazimisha magarimoshi ya abiria kuwa na breki zinazojifunga zenyewe pindi mabehewa yanapoachana. Ililazimisha pia kwamba garimoshi lisiingie kipande cha reli kabla ya lililotangulia kutoka.

Msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kuisoma habari hiyo bila kukumbuka Igandu, karibu na Dodoma nchini Tanzania. Juni 24, 2002, garimoshi la abiria lilishindwa na breki, likateremka kinyumenyume na kugonga la mizigo. Watu 281 walikufa. Miaka 113 ilikuwa imepita tangu Armagh.

Ajali ya Quintinshill, Uskoti, ya Mei 22, 1915, ilikuwa ya namna nyingine. Mtoa ishara aliliruhusu garimoshi la wanajeshi lipite, akiwa amesahau lile lililokuwa limesimama mbele ya kibanda chake, ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelipanda kuja kazini. Zaidi ya watu 200 walikufa, wengi kwa moto.

Wahudumu wa kibanda hicho walikuwa na mazoea ya kubadilishana zamu wakiwa wamechelewa na kunakili kumbukumbu ili kuficha jambo hilo. Kifaa kidogo cha kuweka kwenye usukani wa ishara, ambacho kingemkumbusha kuwa njia haiko wazi, hakikutumiwa.

Ya Abermule ilitokea Wales kwenyewe, Januari 26, 1921. Katika reli ya njia moja, dereva hakuruhusiwa kuendelea bila kukabidhiwa kibao maalumu cha kipande cha reli kilichoko mbele yake. Siku hiyo, wafanyakazi wa stesheni walimrudishia dereva kibao kilekile alichokuja nacho, kila mmoja akidhani mwenzake amekikagua.

Dereva naye hakukisoma. Aliondoka na kukutana uso kwa uso na garimoshi la kasi. Watu 17 walifariki, akiwemo mmoja wa wakurugenzi wa kampuni hiyo ya reli.

Katika masimulizi hayo yote, Rolt hakutafuta wa kumtupia mawe. Alionyesha kwamba ni nadra ajali kubwa kuletwa na mtu mwovu. Aghalabu huletwa na mtu mwema aliyechoka, aliyezoea, au aliyeruka hatua moja ndogo kwa sababu jana aliiruka na hakuna lililotokea.

Urithi wake

Rolt aliendelea kuandika hadi mwisho. Alitoa wasifu wa Isambard Kingdom Brunel mnamo 1957, wa Thomas Telford mnamo 1958, na wa George na Robert Stephenson mnamo 1960. Vitabu hivyo viliwarudishia wahandisi hao wa kale heshima miongoni mwa wasomaji wa kawaida.

Alifariki Mei 9, 1974, nyumbani kwake Stanley Pontlarge, akiwa na umri wa miaka 64.

Wazo lililochekwa na wengi mnamo 1950 limeenea. Reli ya Ffestiniog, pia ya Wales, ilifufuliwa mnamo 1955, na ya Bluebell kusini mwa Uingereza mnamo 1960. Leo Uingereza ina zaidi ya reli 100 za aina hiyo, na mfano huo umeigwa katika mataifa mengi.

Kwetu Kenya, Makavazi ya Reli jijini Nairobi, yaliyofunguliwa mnamo 1971, yanahifadhi vichwa vya mvuke vya enzi zilizopita. Miongoni mwavyo ni Mount Gelai, jitu lililoundwa Manchester katika miaka ya 1950, wakati Rolt alipokuwa akiandika vitabu vyake.

Anayesimama mbele ya chuma kama hicho husisimkwa na ukubwa wake. Ni vigumu kukumbuka kwamba ndani ya boila yake maji huchemshwa kwa shinikizo linaloweza kuua, na kwamba utamu wa safari hutegemea mtu fulani aliyeamka alfajiri kukagua kila nati.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali la wale waliomcheka Rolt. Karani wa benki anaweza kukabidhiwa garimoshi, maadamu anakubali kufunzwa, kupimwa na kukaguliwa kama mfanyakazi yeyote wa reli. Abiria haulizi kama dereva analipwa mshahara au amejitolea. Anachotaka ni kurudi nyumbani salama.

Rolt aliokoa vichwa vya magarimoshi, mabehewa na stesheni, lakini alihimiza pia kuhifadhiwa kwa kitu kisichoweza kuwekwa kwenye makavazi: nidhamu ya wale waliotangulia, iliyolipiwa kwa damu ya Armagh, Quintinshill na Abermule.

Mnamo 1991, reli ya Talyllyn iliingiza kazini kichwa chake nambari 7, kilichoundwa upya kutokana na kile kilichowahi kubeba mboji huko Ireland. Kilipewa jina Tom Rolt. Kinapopita chini ya madaraja yale membamba, abiria wake bado hushukia upande mmoja tu, kama alivyoagiza mkaguzi mnamo 1866.